Mvua za Vuli Zikianza Mara, Mwiko Uzunguke

Ugali wa muhogo utakaoliwa Musoma jioni ya mvua ya kwanza ya vuli ulianza kuandaliwa tangu Julai. Jua la kiangazi lilikuwa kali. Mihogo iling'olewa, ikamenywa, ikavundikwa siku kadhaa chini ya majani, ikakwanguliwa ukungu, ikavunjwavunjwa na kuanikwa juu ya miamba mpaka ikawa makopa makavu. Dagaa wa kuteremshia ugali huo walipigwa na jua lile lile, na huko Bunda viazi vitamu vikakatwa vipande vyembamba, vikawa michembe. Mvua inapoanza kugonga bati, nyumba yenye akiba hiyo hutulia. Sufuria inabandikwa, watoto wanasogea karibu na moto, na harufu ya dagaa wa kitunguu na nyanya inaenea ua mzima.

Mwishoni mwa Septemba jua huvuka ikweta kuelekea kusini. Huko Ulaya na Marekani ndipo majani ya miti huanza kupukutika. Huku kwetu ndipo ukanda wa mawingu ya mvua unapoanza kushuka kuelekea Ziwa Victoria. Musoma iko digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo baridi yake si ya kutisha. Kuna radi za usiku, upepo wa ziwani, na asubuhi za kumvalisha mtoto sweta kabla ya kwenda shule. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiweka Mara katika mikoa yenye misimu miwili ya mvua, pamoja na Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga na Simiyu, na hutoa utabiri wa vuli mapema ili wakulima wajipange. Oktoba hadi Desemba ndiyo vuli yenyewe.

Huko Ulaya na Marekani, msimu huo wa majani kupukutika huja pamoja na mavuno. Maboga na matufaha yamejaa, na familia hukaa mezani kufurahia kilichokwisha kupatikana. Mkoani Mara, vuli ni msimu wa kupanda. Ghala linapungua, shamba linadai mbegu, na mahindi mapya hayataonekana mpaka Januari au Februari. Faraja ya chakula cha nyumbani hapa inatokana na akiba iliyoandaliwa vizuri na mikono inayojua kuitumia. Tatizo ni kwamba mikono hiyo ni michache mno. Katika nyumba nyingi ni ya mtu mmoja, mama, na msimu unaosifiwa kwa kuikusanya familia ndio unaomchosha yeye kuliko miezi mingine yote.

Siku yake ya vuli ifuatwe hatua kwa hatua. Alfajiri ni uji wa ulezi kwa watoto, kisha shamba, kwa sababu ardhi ikishalowa haisubiri. Mbegu zinafukiwa, na kabla ya wiki tatu magugu yameota, palizi imeanza. Bunda, wakulima wa pamba huanza kupanda katikati ya Novemba, na pamba nayo inataka mikono ile ile. Mchana ni mashine ya kusaga, maji, na kuni. Kuni za vuli zimelowa, hazishiki moto; zinatoa moshi unaowasha macho na kukaba kifua, huku mtoto mchanga akiwa mgongoni. Jioni watu wote wanarudi na njaa, na yeye aliyekuwa shambani pamoja nao ndiye anayeinama tena jikoni.

Jambo hili lilisemwa zamani, na aliyelisema alizaliwa Butiama, mkoani humu humu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo mwandishi wake mkuu alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, lilitamka bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, saa 12 hadi 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, wakati wanaume wa vijijini hutumia nusu ya maisha yao wakiwa likizo. Watu wengi wanaikumbuka hati ile kwa habari ya benki na viwanda kutaifishwa. Maneno yake kuhusu kazi ya mama wa kijijini yamesahaulika, ingawa ndiyo yanayoigusa kila nyumba kila jioni.

Nyerere hakuyapata maneno hayo ofisini. Alizaliwa Aprili 13, 1922, mtoto wa Mugaya, mke wa 5 kati ya wake 22 wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mbuzi na kulishwa kutoka jiko la mama yake, mpaka alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa Makerere kati ya 1943 na 1945, aliandika insha juu ya kukandamizwa kwa wanawake, akichukua hoja za Mwingereza John Stuart Mill na kuzipima kwa maisha ya Wazanaki wenzake. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, ametoka katika ua wa kichifu, na tayari alikuwa ameona kwamba jambo hilo si sawa.

Wapo wanaojibu kwamba ndiyo mila, na kwamba mwanaume wa Mara hajui kupika. Jibu hilo halina mashiko. Pita Nyasho, Musoma, jioni uangalie nani anakaanga chipsi mayai: karibu wote ni vijana wa kiume, na wanageuza kikaango kwa ustadi. Nenda kwenye makambi ya wavuvi visiwani, ambako wanaume hukaa wiki kadhaa bila wake zao, na utakuta ugali umesongwa ukasongeka. Panapochinjwa mbuzi, ni wanaume wanaochoma nyama, na ni wanaume wanaotengeneza kichuri, ule mchuzi mchungu unaotiwa majani yaliyokutwa tumboni mwa mnyama, unaotaka kipimo na uzoefu kuliko wali wowote wa nazi. Wanaume wa Mara wanapika. Wanapika kwa kulipwa, kwa kulazimika, na kwa sherehe. Nyumbani ndipo mwiko unapokuwa mzito.

Na mila zenyewe zina upande ambao haufai kusifiwa. Katika koo nyingi za mkoa huu, wanaume walikula kwenye sinia lao uani, mama na watoto wakabaki jikoni na kilichobaki. Kichwa cha samaki kwa baba, paja la kuku kwa baba, mchuzi kwa watoto. Zipo nyumba zinazofuata utaratibu huo mpaka leo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uligundua kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kiwango hicho kimepungua kutoka asilimia 34 ya mwaka 2015/16, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu, katika nchi yenye ziwa lililojaa samaki. Kudumaa kuna sababu nyingi: maradhi, maji machafu, umaskini. Mgawanyo wa chakula ndani ya nyumba ni sababu ambayo familia inaweza kuirekebisha jioni hii hii bila kungoja bajeti ya serikali. Sinia liwe moja, na mtoto mdogo atengewe samaki wake kabla ya mikono mikubwa kufika.

Hasara nyingine ya kumwachia mtu mmoja jiko ni kwamba elimu ya jiko nayo inabaki kwa mtu mmoja. Mkoa wa Mara una sababu ya kuliogopa hilo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilikumbwa na ugonjwa wa konzo. Watu waliokuwa wazima, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu ghafla, na ulemavu huo haukupona. Madaktari walioufuatilia walikikuta chanzo chake kwenye chakula: muhogo mchungu ulioandaliwa haraka haraka kwa sababu ya njaa. Kuvundika kulirukwa, mizizi ikaanikwa moja kwa moja na kusagwa, sumu ya sayanidi ikabaki kwenye unga. Kitoweo nacho kilikosekana, na mwili unahitaji protini ili kuivunja sumu hiyo.

Ndiyo maana muhogo na dagaa kukaa sahani moja si ladha tu. Wazee wa kandokando ya ziwa waliviweka pamoja, na maabara zikaja kuona faida yake baadaye. Ndiyo maana pia siku zile za kuvundika na kukwangua haziwezi kufupishwa na mtu mwenye haraka. Watafiti wamegundua njia ya kuongeza usalama kwa unga uliokwisha kusagwa: unaloweshwa kwa maji, unatandazwa kwa unene mdogo, unaachwa saa 5 kivulini au saa 2 juani, kisha unapikwa siku hiyo hiyo. Njia hii haina gharama. Kijana wa Musoma aliyekulia mjini, akinunua unga wa muhogo sokoni, anapaswa kuijua, na kaka yake aliyebaki kijijini anapaswa kujua kuvundika. Kwa sasa, ni dada yao pekee anayefundishwa.

Mvua ya vuli yenyewe ni adui wa kazi hii ya kuanika. Muhogo uliochelewa kuanikwa unaota ukungu mweusi. Kwa dagaa, hasara ni kubwa zaidi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za sola. Asubuhi humwagwa ufukweni wakauke. Jua likiwepo, siku moja inatosha. Mawingu yakitanda, wanaoza mchangani, na mzigo uliokuwa chakula cha watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Chanja za kuanikia zilizoinuliwa juu ya ardhi, zenye wavu chini na turubai la kufunikia mvua inaponyesha, huokoa sehemu kubwa ya mzigo huo na huondoa mchanga. Fundi yeyote wa Mwigobero au Makoko, Musoma, anaweza kuzitengeneza kwa miti na wavu uliochakaa. Halmashauri za kandokando ya ziwa zingetenda jambo la maana kama zingehimiza chanja kwa bidii ile ile zinayotumia kukusanya ushuru wa samaki, kwani dagaa ndiye samaki anayeingia kwenye nyumba ya mwenye kipato kidogo. Sangara ana viwanda vya kumsafirisha nje. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake, na humo ndimo mtoto anamopata madini ya chokaa.

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hupumzika kwa siku kadhaa, kwani taa zao hazishindi mbalamwezi. Hizo ndizo siku baba anakuwa nyumbani. Nyingi huishia kwenye kibanda umiza akiangalia Simba, Yanga au ligi ya Uingereza. Hakuna ubaya wa mpira. Lakini mtu aliyekaa kisiwani wiki mbili akijipikia mwenyewe, akirudi nyumbani na kungoja kuwekewa chakula mezani, amemnyima mtoto wake kitu alichokuwa nacho mkononi.

Huko Bunda familia inagawanywa na jambo lingine. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hukaa macho kwa ajili ya tembo mazao yanapokomaa. Baba na vijana wanalala shambani wakiwa na tochi na madebe ya kupigwa, mama anabaki na wadogo. Msimu unapofika hapo, chakula cha jioni kinaliwa mapema au kinafungwa na kupelekwa shambani, na mara nyingine shamba lenyewe linaisha kwa usiku mmoja. Kwa nyumba za namna hiyo, akiba ya michembe na makopa ndiyo inayoivusha familia mpaka msimu unaofuata. Wanaopanga fidia na kifuta jasho wakumbuke kwamba kinachopotea hapo ni chakula cha watoto cha miezi kadhaa.

Pamoja na hayo yote, vuli ina raha zake, na si sahihi kuzipita. Mvua ya kwanza huwatoa kumbikumbi. Watoto wanaweka beseni la maji chini ya taa, wadudu wanaangukia humo, na kabla ya saa moja kupita wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, mbawa zimepepetwa. Bukoba wana senene wao mwezi Novemba. Mara ina kumbikumbi, na mtoto aliyewala moto moto hawasahau. Wiki mbili baadaye mgagani unachipua wenyewe pembezoni mwa shamba, mlenda unafuata, majani ya kunde yanakuwa laini. Mgagani ni mchungu, hivyo huchemshwa na kutiwa maziwa au karanga za kusaga mpaka uchungu unabaki kidogo tu, ule unaotakiwa. Michembe inachemshwa na kuliwa na maziwa mgando. Hivi ni vyakula vya bei ndogo vyenye faida kubwa mwilini, na inasikitisha kuona familia za mjini zikivionea haya mbele ya wageni na kukimbilia soda na chipsi.

Aibu hiyo inafaa kuachwa. Muhogo, mtama na ulezi vimebeba jina la vyakula vya njaa kwa sababu vilistahimili ukame wakati mahindi yaliposhindwa. Kustahimili huko kungepaswa kuwa sifa katika nyakati hizi ambapo mvua hazitabiriki, vuli moja ikiharibu mashamba kwa mafuriko na nyingine ikikatika katikati ya Novemba. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya 2022 hauwezi kutegemea mahindi pekee na kuita kila kingine chakula cha maskini.

Jiko lenyewe lina madai yake. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri, na kwa mama anayepuliza kuni mbichi mwezi Novemba limechelewa. Lakini mtungi wa gesi ukiisha, nani anatoa pesa ya kuujaza? Katika nyumba nyingi pesa iko mfukoni mwa mtu asiyepika, asiyeufahamu moshi. Baba akipika wiki moja ya mvua kwa kuni zilizolowa, suala la gesi litapata fungu lake la fedha bila semina. Na kwa wapangaji wa Musoma mjini, tahadhari ni moja: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kukwepa mvua au kuleta joto usiku. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeshaua familia zikiwa zimelala.

Hakuna anayedai kwamba mama aondolewe jikoni. Wanawake wengi wanajivunia mapishi yao, na wana haki ya kujivunia. Kinachodaiwa ni kwamba kijana wa kiume ajue kusonga ugali wa muhogo bila madonge, ajue kuosha dagaa mpaka mchanga uishe, ajue kuvundika na kukwangua. Na kwamba baba akae na watoto wake wakati chakula kinaiva, si baada ya kuiva. Mvua inawafungia wote ndani hata hivyo. Muda huo upo.

Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu mwaka 1999, ni sikukuu nchini kote. Shule na ofisi zimefungwa, wageni wanaelekea Butiama kwenye kaburi lake, na mara nyingi mvua za kwanza zimeshaanza. Baba wa Musoma, wa Bunda, wa Butiama: siku hiyo mwambie mama watoto apumzike, waite wanao, wa kiume na wa kike, mkapike chakula cha jioni. Anza na dagaa. Waoshe maji matatu.